unifdef 2.12: mkasi mkali usiojua kitambaa

Kwa kazi moja tu, ile ya kuondoa masharti ya `#ifdef` (mistari inayoiambia kompaila ya C kipi ikisome na kipi ikiruke) yaliyokwisha muda wake, unifdef ndiyo zana ya kwanza kuweka kwenye kompyuta yako. Kwa usafi mwingine wowote wa msimbo wa C haifai, na anayeilazimisha atakesha akitafuta kosa. Tathmini hii ni ya toleo 2.12 la mwaka 2020, lililomo kwenye hazina za Debian na Ubuntu. Inawahusu wale wa hapa Dar wanaotunza mifumo ya kurithi: malango ya SMS, seva za malipo, programu za vifaa vya mtandao, vitu ambavyo mwandishi wake wa kwanza alishaondoka kitambo na maelezo yake yanataja mashine ambazo hata kwa mafundi wa mtumba Kariakoo huzikuti.

Bei yake ni bure, leseni ni ya BSD. `sudo apt install unifdef` inamaliza kila kitu, na kifurushi hakifiki megabaiti moja, kwa hiyo hata bando linaloelekea kukata linatosha. Mwenye FreeBSD, au macOS yenye zana za Xcode, tayari anayo. Umri wake ni mkubwa: ilionekana kwanza kwenye 2.9BSD kutoka mikononi mwa Dave Yost, kisha Tony Finch akaiandika upya ielewe C ya ANSI. Kerneli ya Linux hubeba nakala yake kwenye `scripts/unifdef.c`, na `make headers_install` huitumia kuondoa yaliyo chini ya `__KERNEL__` kabla heda (faili za .h) hazijatolewa kwa programu za kawaida. Zana inayoaminiwa kwenye njia hiyo haihitaji kutetewa sana kuhusu uimara.

Inavyokata

Unaipa majina na hali ya kila jina. `-DJINA` maana yake jina lipo na thamani yake ni 1; `-DJINA=5` inaweka thamani yako; `-UJINA` maana yake halipo. Jina usilolitaja haliguswi. Tazama kipande hiki, ambacho ndugu zake wako kwenye karibu kila mradi wa miaka ya 1990:

```
#ifdef __STDC__
int fungua_lango(const char *njia, int modi)
#else
int fungua_lango(njia, modi)
    char *njia;
    int modi;
#endif
{
#if defined(ultrix) || defined(vax)
    modi &= 0777;
#endif
#if !defined(HAVE_STRERROR) && !defined(MFUMO_MDOGO)
    extern char *sys_errlist[];
#endif
```

Amri ni hii:

```
unifdef -D__STDC__ -Uultrix -Uvax -DHAVE_STRERROR lango.c
```

Kinachobaki ni mistari miwili: jina la fanksheni na mabano yake ya kufungulia. Angalia sharti la mwisho. `MFUMO_MDOGO` halikutajwa kwenye amri, lakini upande wa kushoto wa `&&` umeshakuwa uongo, kwa hiyo upande wa kulia hauna la kubadilisha na sharti zima linaondoka. Ukiweka swichi ya `-K` inaacha hesabu hiyo ya mkato na sharti linabaki. Na tawi lile la `sys_errlist` halikuwa uchafu wa macho tu. Jina hilo liliondolewa kwenye glibc, maktaba ya C ya Linux, toleo 2.32 la mwezi Agosti 2020, kwa hiyo siku `HAVE_STRERROR` ikikosekana kwa bahati mbaya, programu haiungani tena na maktaba.

Haigusi maoni, haipangi upya nafasi, haipanui makro. Hapo ndipo inapoishinda `gcc -E`, ambayo ingekurudishia faili lililojaa heda zote za mfumo. Tawi la `#if` likifa na `#elif` ikafuata, hiyo `#elif` inageuzwa kuwa `#if` bila wewe kuingilia. Mabadiliko yanayotoka yanasomeka kwenye `git diff` kama orodha ya mistari iliyofutwa, basi. Anayekagua kazi yako atashukuru.

Ndani ya kifurushi hichohicho kuna `unifdefall`. Hiyo iache. Inachukua majina yote yanayojulikana kwa kompaila ya mashine yako na kuondoa kila sharti, hai na lililokufa, na matokeo yake ni msimbo unaokwenda kwenye mashine hiyo moja tu.

Kuamua nani amekufa

Mkasi unakata popote unapoelekezwa. Kazi ngumu ni orodha ya majina, na hapa unifdef inakupa msaada mdogo tu, swichi ya `-s` inayotaja majina yanayoongoza masharti. Inapokea faili moja kwa wakati, kwa hiyo:

```
find . -name '*.[ch]' -exec unifdef -s {} \; | sort | uniq -c | sort -rn
```

Utapata majina na idadi ya mara yalivyotokea, kuanzia yanayojirudia zaidi. Usianze na yaliyo juu kwa kuwa ni mengi; anza na yale ambayo kifo chake hakina ubishi. `__STDC__`, `STDC_HEADERS`, `HAVE_STDLIB_H`, `HAVE_STRING_H`, `HAVE_MEMMOVE`, `HAVE_STRERROR`, `HAVE_VPRINTF`: yote haya yamo kwenye C tangu kiwango cha 1989. Majina ya mashine kama `vax`, `pdp11` na `ultrix` yanaondoka kwa `-U` bila msiba.

Kundi linalowaponza watu ni lile linaloonekana la zamani kumbe bado lina kazi. `HAVE_STRLCPY`, inayosema kama fanksheni ya `strlcpy` ipo, ni mfano mzuri. BSD wamekuwa nayo tangu miaka ya 1990, na ukiijaribu kwenye mashine mpya ya Linux utaikuta, ukaamua tawi la akiba life. Lakini glibc iliipokea kwenye toleo 2.38 la Agosti 2023. Seva ya Ubuntu 22.04 ina glibc 2.35, na hiyo ni mashine ya kawaida kabisa kwenye makabati ya seva mjini. `explicit_bzero` na `getrandom` ziliingia glibc 2.25, kwa hiyo CentOS 7 yenye 2.17 haina, na ingawa CentOS 7 ilikoma kupata marekebisho tarehe 30 Juni 2024, kukoma kwa marekebisho hakuizimi seva. Ulizia kwanza mashine zipi zinaendesha programu yako. Jibu hilo halimo kwenye msimbo.

`sun` nayo ina mtego wake. Jina hilo liliwekwa na kompaila za SunOS 4, yenye asili ya BSD, na pia na za Solaris, yenye asili ya System V. Ndiyo maana utakuta `#if defined(sun) && !defined(__SVR4)`, ambayo inalenga SunOS 4 peke yake. Hiyo ni maiti. Solaris yenyewe haijafa, na illumos iliyotokana nayo inaendelea. Ukiandika `-Usun` umewazika wote wawili kaburi moja. Ukitaka kumzika mmoja, taja `-Dsun -D__SVR4` halafu soma kila mstari uliobadilika, kwa sababu sasa matawi ya Solaris yamekuwa ya lazima kwa kila mtu: tumia hali hiyo kwenye faili za Solaris tu, kama zipo, na kwingine kata kwa mkono.

Jingine ni `unix` na `linux` bila vistari vya chini. GCC huyaweka majina hayo katika hali zake za gnu, kama `-std=gnu17`, lakini ukihamia `-std=c11` hayapo; yanabaki `__unix__` na `__linux__`. macOS haina hata `__unix__`. Kwa hiyo anayesafisha msimbo na kubadilisha `-std` siku hiyohiyo anaweza kuona tawi zima la `#ifdef unix` likipotea kimya, akailaumu unifdef isiyo na kosa. Badilisha kimoja kwanza, jaribu, ndipo uguse cha pili.

Kwa `__STDC_VERSION__`, kwenye mstari wa amri mpe nambari tupu, `-D__STDC_VERSION__=199901`, bila ile L ya mwisho. Na kumbuka kwamba `-U` linahesabiwa kuwa sifuri ndani ya hesabu: `#if TOLEO == 0` pamoja na `-UTOLEO` ni kweli, tawi linabaki. Wengi hutegemea kinyume chake.

Mfano wa saa

Kuna kiraka kimoja kinachostahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu ya mahali tulipo. Msimbo wa zamani unaotaka kujua tofauti ya saa za hapa na UTC huandikwa hivi:

```
#ifdef HAVE_TM_GMTOFF
    tofauti = tm->tm_gmtoff;
#else
    tofauti = -timezone;
#endif
```

`tm_gmtoff` huhesabu sekunde za mashariki ya UTC, `timezone` huhesabu za magharibi. Kwa `TZ=Africa/Dar_es_Salaam` ya kwanza inatoa 10800 na ya pili -10800. Kiraka kiliwekwa kwa kuwa mifumo ya System V haikuwa na `tm_gmtoff`, na kwenye FreeBSD jina `timezone` limekuwa la fanksheni, wala si namba. Leo `tm_gmtoff` ipo glibc, musl, BSD zote na macOS, na kiwango cha POSIX cha 2024 kimeipokea rasmi. Tawi la pili limekufa kwa mifumo hiyo yote, na `-DHAVE_TM_GMTOFF` inalikata bila kosa. Tahadhari ni moja: ukitumia `-std=c99` bila kuweka `_DEFAULT_SOURCE`, glibc inakiita kiungo hicho `__tm_gmtoff`, na kompaila itagoma.

Anayesafisha kwa mkono, hasa kwa kutafuta na kubadilisha, hugeuza `timezone` kuwa `tm->tm_gmtoff` na kuiacha ile alama ya kutoa mbele yake. Programu inaendelea kama kawaida. Muamala wa saa 08:00 unaandikwa 02:00. Mahali pengine pengi duniani mtu angeshtuka. Hapa msomaji wa logi anaona 02:00, anaangalia nje jua la saa mbili asubuhi, na anaona sawa tu. Kosa ni la saa sita kamili, na saa sita ndiyo tofauti ya saa ya Kiswahili na saa ya kompyuta, kwa hiyo linaweza kukaa miezi hadi hesabu za usiku wa manane zikatae kulingana. Hiyo peke yake ni sababu ya kuuachia mkasi kazi hii badala ya vidole.

Inapokwama

Malalamiko ya kwanza ni ya sharti lililovuka mistari. unifdef husoma mstari mmoja mmoja, kwa hiyo `#if` yenye maoni yanayoanzia kuliani kwake na kuishia mstari wa pili, au iliyovunjwa kwa `\`, inaweza kuifanya isimame na kutoa kosa ikihitaji kuiondoa. Swichi ya `-e` inaifanya iiruke. Usiitumie kwa kundi zima la faili, kwa sababu kilichorukwa hakitajwi na utadhani umemaliza. Afadhali isimame, uunganishe mstari huo mwenyewe, uiendeshe tena.

La pili linatuhusu wenyeji. Zamani watu waliweka maandishi ya kawaida ndani ya `#ifdef notdef`, wakijua kompaila haitayasoma. unifdef inayasoma, kwa sababu inafuatilia nukuu na maoni ya C. Neno lenye ritifaa kama ng'ombe au ng'ambo linaonekana kwake kama herufi ya C iliyofunguliwa na haikufungwa, na inagoma. Dawa yake ni `-iUnotdef` badala ya `-Unotdef`: ile `i` inaiambia isichunguze nukuu ndani ya tawi hilo.

La tatu: haipunguzi sharti nusu. Ukitaja `-Uultrix` pekee, `#if defined(ultrix) || defined(vax)` inabaki vilevile na `ultrix` ndani yake. Coan, mshindani wake, hurahisisha masharti ya namna hiyo, na kwa mradi wenye masharti marefu sana ni vyema kuijaribu. Kwa mradi wa kawaida, kukamilisha orodha ya majina kunatosha.

Halafu kuna kukata kwa raundi. unifdef haifuati `#include` na haitambui `#define` zilizo ndani ya faili. Kama heda ilikuwa na `#ifdef vax` ikifuatiwa na `#define TUMIA_BSD 1`, baada ya kukata `vax` hakuna tena anayeweka `TUMIA_BSD`, na matawi yake yote yamekufa kimyakimya. Endesha ile amri ya `-s` upya baada ya kila raundi na tafuta majina ambayo hayawekwi popote. Raundi mbili au tatu ni kawaida.

`#if 0` haiguswi mpaka uweke `-k`. Msimamo huo ni sahihi, kwa kuwa chini ya `#if 0` mara nyingi kuna maelezo ambayo mtu atayahitaji. Ukiamua kuziondoa, ziwe kwenye komiti yake.

Lingine dogo lenye kero kubwa ni namba inayorudi. Ikibadilisha faili inarudisha 1, isipobadilisha 0, ikishindwa 2. Kwa `make` na kwa skripti yenye `set -e`, 1 ni kushindwa, kwa hiyo kazi inakatika mara baada ya faili la kwanza kusafishwa vizuri. Weka `-x2`, ambayo inarudisha sifuri kila inapofanikiwa, ibadilishe isibadilishe. Kubadilisha faili palepale ni `-m`, au `-M .zamani` ukitaka nakala. Kwa `-m` huandika kwanza faili la muda kisha kulibadilisha jina, kwa hiyo TANESCO wakichukua umeme wao katikati ya kazi, faili lako halitabaki nusu.

Kuthibitisha kwa baiti

Faida kubwa ya unifdef, na ndiyo inayoipa alama za juu hapa, ni kwamba kazi yake inapimika. Kama umebakiza tawi lilelile lililokuwa likikompailiwa, faili za .o (zile zinazotolewa na kompaila) za kabla na za baada lazima ziwe sawa baiti kwa baiti. Siri iko kwenye `-b`, ambayo inaacha mstari mtupu kila ilipofuta mstari. Bila hiyo namba za mistari zinasogea, na kila `assert` hubeba `__LINE__` ndani yake, kwa hiyo faili zitatofautiana bila kosa lolote.

```
export SOURCE_DATE_EPOCH=1700000000
make clean && make CFLAGS='-O2 -g0'
mkdir ../kabla
find . -name '*.o' -exec cp --parents {} ../kabla \;
find . -name '*.[ch]' -exec unifdef -x2 -b -m \
    -D__STDC__ -DSTDC_HEADERS -DHAVE_STRERROR -Uvax -Uultrix {} +
make clean && make CFLAGS='-O2 -g0'
find . -name '*.o' -exec cmp {} ../kabla/{} \;
```

`SOURCE_DATE_EPOCH` inagandisha `__DATE__` na `__TIME__`. GCC inaiheshimu tangu toleo la 7. `-g0` inaondoa taarifa za kutafutia makosa. Ukipata kimya kutoka kwa `cmp`, umefaulu. Ikitaja faili, karibu kila mara maana yake ni moja: umesema `-D` kwa jina ambalo `config.h` yako haiweki, au `-U` kwa jina linalowekwa. Yaani orodha yako ndiyo yenye kosa. Ukishapita hapo, endesha upya kwenye matoleo ya git ya kabla kwa `-B` badala ya `-b` ili mistari mitupu ibanwe; swichi hizo mbili haziendi pamoja. Raundi hiyo linganisha matokeo ya `gcc -E -P`, ambayo hayana alama za mistari, na tofauti pekee inayoruhusiwa ni namba zilizo ndani ya `assert`.

Kipimo hiki kina mpaka. Kinathibitisha kwamba kwenye mashine hii, kwa kompaila hii, hakuna kilichobadilika. Hakisemi lolote kuhusu mashine ya mteja yenye AIX. Kama unayo nyingine, rudia huko.

Viraka visivyo na `#if`

Nusu ya uchafu haiko chini ya sharti lolote, na unifdef haiuoni. Makro ya `__P`, iliyoficha orodha ya vigezo kwa kompaila za kabla ya 1989, ni ya kwanza. Umeshakata `#else` yake, lakini kila heda bado ina `int soma __P((int, char *));`. Kwa tamko la mstari mmoja, sed inatosha:

```
sed -i 's/ *__P((\(.*\)));/(\1);/' *.h
```

Yale yaliyovuka mistari fanya kwa mkono, halafu rudi kwenye `cmp`: hapa pia faili za .o hazitakiwi kubadilika.

`bcopy`, `bzero` na `index`, ambazo POSIX ya 2008 iliziondoa, zinahitaji Coccinelle ya Inria, inayoelewa muundo wa C. Ni kubwa kuliko unifdef kwa kila kipimo, bando lako litahisi. Kanuni yake moja ni hii:

```
@@
expression a, b, n;
@@
- bcopy(a, b, n)
+ memmove(b, a, n)
```

Mpangilio umegeuka kwa makusudi: `bcopy` huanza na chanzo, `memmove` huanza na mwisho wa safari. Na ni `memmove`, isiwe `memcpy`, kwa sababu `bcopy` huruhusu maeneo ya kumbukumbu kuingiliana. Ukiweka `memcpy` programu inaweza kwenda vizuri mwaka mzima.

Kiraka kingine ni cha `snprintf`. glibc hadi 2.0.6 ilirudisha -1 pale nafasi isipotosha, kwa hiyo watu waliandika mzunguko unaoongeza bafa mara mbili kila ikipata namba hasi. Kwa C99 namba hasi ni kosa la kweli, na mzunguko ule unaongeza bafa mpaka kumbukumbu iishe. Hapo kufuta kiraka ni kurekebisha kosa, na faili za .o zitabadilika, kwa hiyo iwe komiti tofauti yenye majaribio yake.

`(char *)malloc(n)` ilikuwa heshima kwa C ya kabla ya 1989. Kwenye mashine za biti 64 ilificha kukosekana kwa `<stdlib.h>`: pointa ilikatwa kuwa `int`, kisha ikageuzwa tena bila onyo la aina. GCC 14 imelifanya tamko lisilokuwepo kuwa kosa la kukataa kabisa, na aliyehamia Debian 13 ameshakutana nalo. GCC 15 imekwenda mbele zaidi kwa kuifanya C23 kuwa hali ya kawaida: `int f()` sasa inamaanisha fanksheni isiyopokea chochote, na `typedef int bool;` inakataliwa. Miradi mingi inaguswa sasa kwa sababu hizo mbili, wala si kwa mapenzi ya usafi.

configure.ac iwe ya mwisho

Mpangilio wa kazi ndio unaoharibu zaidi kuliko zana yenyewe. Mtu anafungua `configure.ac`, faili la Autoconf lenye vipimo vinavyoweka majina ya `HAVE_`, anaona `AC_HEADER_STDC` na `AC_CHECK_FUNCS([strerror])`, anazifuta kwa kuwa ni za kale, na anaacha msimbo kwa wiki ijayo. Kuanzia dakika hiyo `HAVE_STRERROR` haiwekwi tena, na kila `#ifdef HAVE_STRERROR` inaangukia tawi la zamani, lile ulilotaka kulifuta. Hakuna onyo: `-Wundef` huangalia `#if` yenye jina lisilowekwa, lakini `#ifdef` na `#ifndef` haiziangalii kabisa. Ikiwa tawi la akiba bado linakompailika, utaipeleka kwa mteja programu inayotumia njia ya mwaka 1988 kwenye mashine ya mwaka huu.

Kwa hiyo anza na msimbo, fuatia na faili za akiba kama `compat/strerror.c` pamoja na `AC_REPLACE_FUNCS` zinazoziita, na kipimo cha `configure.ac` kiondoke pale tu `grep -rn HAVE_STRERROR .` itakaporudi mikono mitupu kwenye kila faili la .c na .h. Ndipo `autoupdate` iitwe kubadilisha majina ya makro zilizobaki, na matokeo yake yasomwe mstari kwa mstari kabla ya komiti.